Uani mwa Mji wa Hanoi

Mgeni akifika nyumbani kwa watu hukaribishwa sebuleni. Huko ndiko kwenye viti vizuri, picha za wazee ukutani, na zulia ambalo watoto hawaruhusiwi kulikanyaga kwa miguu yenye matope. Akiondoka bila ya kuvuka mlango wa nyuma, atakwenda kuwasifu wenyeji wake kwa mapambo tu. Hatajua maji yao huchotwa wapi, chakula chao hupikwa na nani, wala paa lilipovuja walilizibaje. Miji nayo ni vivyo hivyo.

Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, una sebule nzuri yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1010 mfalme Ly Thai To alihamishia makao yake mahali hapo, akapaita Thang Long, yaani joka linalopaa. Jina la Hanoi, ambalo maana yake ni ndani ya mto, lilikuja mwaka 1831. Katikati ya mji limo ziwa la Hoan Kiem, na kaskazini ya ziwa imo ile mitaa ya kale inayoitwa mitaa 36, ambamo mafundi wa kila kazi walikuwa na mtaa wao: wafua fedha Hang Bac, wafua bati Hang Thiec. Upande wa magharibi limo Hekalu la Elimu, lililojengwa mwaka 1070. Humo yamesimama mawe 82 juu ya migongo ya kobe wa mawe, yakiwa yamechongwa majina ya watu waliofaulu mitihani mikuu ya dola tangu mwaka 1442 hadi 1779.

Watalii wengi huyaona hayo kwa siku mbili, wakapiga picha, wakaenda zao. Hawakupoteza wakati wao, kwa kuwa sebule nayo ni sehemu ya nyumba. Lakini mtu anayetaka kufahamu jinsi mji huu ulivyostahimili vita vya miaka 30, ukabaki na watu wake, kazi zake na adabu zake, hana budi kutoka uani. Uani mwa Hanoi ni daraja la chuma, kijiji cha wafinyanzi, kijiji cha wafumaji, ngome ya udongo na mtaa mmoja wa watu wa kawaida. Kila mahali katika hapo mtu aweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

DARAJA LILILOVUNJWA NA KUUNGWA

Mwendo mfupi tu kutoka mitaa ya kale, barabara inapanda juu ya tuta kubwa la udongo. Tuta hilo ndilo linaloukinga mji na Mto Mwekundu, mto ambao katika majira ya mvua huvimba ukawa juu kuliko mitaa yenyewe. Wazee wa huko hawajasahau gharika ya Agosti 1971. Kando ya barabara ya tuta umejengwa ukuta wa vigae vya rangi wenye urefu wa karibu kilomita 4, uliokamilishwa mwaka 2010 mji ulipotimiza miaka elfu moja. Mbele yake limelala daraja la Long Bien.

Daraja hilo lilijengwa na Wafaransa, likafunguliwa kwa matumizi mwanzoni mwa karne ya ishirini, likapewa jina la gavana wao, Paul Doumer. Urefu wake ni kiasi cha kilomita moja na nusu na zaidi. Reli imepita katikati, na pembeni mwa reli hupita pikipiki, baiskeli na watu wa miguu. Jambo la ajabu ni kwamba vyombo hupita upande wa kushoto, kama ilivyo Uganda na Kenya, ingawa kwingine kote nchini humo watu hupita kulia.

Askari akisimama juu ya daraja hilo ana mengi ya kuyafikiri. Mnamo Desemba 1946 vita vya Wavietnam na Wafaransa vilipoanza, wapiganaji wachache wenye silaha haba waliishikilia mitaa ya kale kwa muda wa siku 60 hivi. Usiku mmoja wa Februari 1947 walijipenyeza chini ya daraja hili hili, wakavuka mto kwa siri, wakaenda porini kujiunga na wenzao. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Oktoba 1954, askari wa mwisho wa Ufaransa mjini humo walipita juu ya daraja wakienda zao, na kesho yake wenye mji wakaingia. Walioondoka kwa kupita chini walirudi kwa njia kuu.

Kisha vikaja vita vya pili. Kwa kuwa reli ya bandari ya Hai Phong na ile ya kwenda China zote zilipita hapo, ndege za Marekani zililipiga daraja kwa mara ya kwanza Agosti 1967, na baadaye tena, hata Mei 1972 likakatwa kwa mabomu ya kuongozwa. Kila lilipovunjwa liliungwa. Palipokosekana chuma paliwekwa boti za kuvushia. Ndiyo sababu leo umbo lake halilingani: mahali pengine bado pana mapaa marefu ya chuma ya zamani yaliyochongoka kama migongo ya milima, na mahali pengine pana vipande vifupi, vya bapa, vilivyowekwa kwa haraka ili treni ipite. Mwaka 1985 lilifunguliwa daraja jingine karibu yake, la Chuong Duong, likachukua mzigo wa magari. Long Bien likabaki na watu wake wadogo: mama mwenye vikapu vya mboga, mfanyakazi anayerudi zamu, wachumba wanaosimama kutazama maji. Kutu imekwisha kulila, na yako maneno mengi juu ya namna ya kulihifadhi. Lakini mtu yeyote aliyepata kuvaa nguo yenye kiraka kilichoshonwa na mama yake atafahamu kwa nini wenyeji hawataki daraja hilo lionekane jipya.

MIKONO YA BAT TRANG

Ng'ambo ya mto, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji, kiko kijiji cha Bat Trang. Basi la abiria wa kawaida hufika huko. Kwa mapokeo ya wenyeji, wazee wao walikuwa wafinyanzi wa mkoa wa kusini zaidi, nao walimfuata mfalme alipohamisha makao yake, wakatafuta mahali penye udongo mweupe na mto wa kusafirishia mizigo. Tangu hapo bakuli, sahani, birika na mitungi yao imelisha na kunywesha mji mzima, na katika karne za zamani merikebu ziliichukua hata nchi za mbali za Asia.

Mtu akipita katika vichochoro vyembamba vya kijiji hicho ataona kwamba ufinyanzi ni kazi ya jamaa nzima. Mmoja huukanda udongo, mwingine huumba juu ya gurudumu, na mwingine hushika brashi akachora jani la mwanzi au samaki kwa rangi ya samawati, mkono wake ukiwa umetulia kama wa mwalimu aandikaye ubaoni. Hapo kale matanuri yalichomwa kwa kuni, kisha kwa makaa ya mawe. Makaa hayo yalisagwa, yakafinyangwa kama mikate, yakabandikwa juu ya kuta za nyumba ili yakauke, na moshi wake uliwakaa watu kifuani. Siku hizi matanuri ya gesi yamechukua nafasi. Hewa imesafika, na vyombo vinavyoharibika motoni vimepungua. Matanuri machache ya zamani yamehifadhiwa ili watoto wajue babu zao walifanyaje kazi.

Mgeni huruhusiwa kukaa mbele ya gurudumu na kujaribu. Udongo humwelemea upande mmoja, bakuli likawa kama kofia iliyokanyagwa, na watoto wakacheka. Kicheko hicho kina faida. Mtu aliyekwisha kushindwa kuumba bakuli moja hataoni tena kuwa ni ghali bei ya bakuli aliloliumba mwingine. Katika nyumba nyingi, za kambini na za uraiani, vyombo huvunjwa na kununuliwa bila ya mtu kuuliza vilitoka mkononi mwa nani. Bat Trang humlazimisha mtu kuuliza.

HARIRI, NA KALAMU YA MWAKA 1946

Upande wa kusini magharibi, katika Ha Dong, kiko kijiji cha wafumaji wa hariri kiitwacho Van Phuc. Tangu Novemba 2021 watu huenda Ha Dong kwa treni ya mjini ipitayo juu ya nguzo, yenye vituo 12 katika njia ya kilomita 13. Kutoka dirishani mtu huuona mji mpya ukipita chini yake: majumba marefu, mabati, bustani ndogo za juu ya mapaa, na nguo za watoto zilizoanikwa.

Katika Van Phuc mitambo ya kufumia hulia tangu asubuhi kwa mlio wa kugongagonga. Hariri, kama ijulikanavyo, hutoka kwa kiwavi alishwaye majani ya mforosadi. Hujizungushia uzi mwembamba akafanya kifukofuko, na kifukofuko hicho huchovywa katika maji ya moto ili uzi ukunjuliwe. Kitambaa cha huko husifiwa kwa wepesi wake na kwa nakshi zinazoonekana pale tu kitambaa kinapogeuzwa kwenye mwanga. Mnunuzi aangalie vizuri, kwa maana katika maduka mengi hariri halisi huuzwa pamoja na nyuzi za viwandani, na muuzaji mwaminifu akiulizwa husema ipi ni ipi.

Lakini Van Phuc ina jambo jingine, nalo halifumwi. Katika nyumba moja ya kijiji hicho, mnamo Desemba 1946, alijificha Ho Chi Minh. Chini walikuwamo watu wa nyumba hiyo wakiendelea na shughuli zao. Yeye alikuwa chumba cha juu. Humo ndimo alimoandika wito wa kuwaita wananchi wote kupinga ukoloni, na usiku wa tarehe 19 mwezi huo vita vikaanza. Nyumba hiyo sasa ni mahali pa kumbukumbu: meza, kitanda, na vyombo vichache. Mtu aliyetazamia ikulu atastaajabu. Historia ya taifa kubwa iliamuliwa katika nyumba ya mfumaji, na usalama wa kiongozi ulitegemea ulimi wa majirani. Hakuna aliyesema neno.

NGOME YA KONOKONO

Juu ya ulimi, Hanoi ina hadithi nyingine iliyo kinyume cha hiyo. Kilomita 16 hivi upande wa kaskazini iko Co Loa, ngome ya kale kuliko mji wenyewe. Ilijengwa katika karne ya tatu kabla ya Kristo na mfalme An Duong Vuong. Kuta zake tatu za udongo zimezungukana kama ganda la konokono, ule wa nje ukiwa na mzunguko wa kilomita 8, na mahandaki ya maji yalipita kati yake. Leo juu ya kuta hizo kuna nyasi na miti, ng'ombe hulisha, na mashamba ya mpunga yameingia hadi ndani. Mgeni asiyeambiwa aweza kuipanda ngome akadhani ni kilima.

Wenyeji husimulia kwamba kobe wa dhahabu alimpa mfalme ukucha wake, nao ukafanywa kifyatulio cha upinde ambao mshale wake haukukosa. Adui wa kaskazini, Trieu Da, alipoona hawezi kushinda kwa vita, aliomba amani, akamposea mwanawe binti wa mfalme, jina lake My Chau. Mfalme alikubali. Kijana akakaa kwa wakwe, akampenda mkewe, naye mkewe akamwonyesha siri ya upinde kama mke amwonyeshavyo mume kitu cha fahari nyumbani kwao. Kijana akauiba ukucha, akauweka mwingine wa uongo, akarudi kwa baba yake. Jeshi la adui lilipofika chini ya kuta, mfalme alikuwa akicheza sataranji, akicheka, kwa maana aliutegemea upinde wake. Upinde haukufanya kazi. Alikimbia na binti yake juu ya farasi mmoja, na binti akawa akidondosha manyoya ya bata bukini njiani ili mumewe apate kumfuata. Baharini kobe akatokea, akamwambia mfalme kwamba adui ameketi nyuma yake. Mfalme akampiga binti yake kwa upanga.

Wahenga wa Kiswahili wamekwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wataikomesha hadithi hapo, wakamlaumu mwanamke. Watu wa Co Loa hawakuikomesha hapo. Katika kihekalu kidogo ndani ya ngome wameliweka jiwe lisilo na kichwa, wamelivika vazi la kifalme, nao humchomea My Chau ubani kizazi baada ya kizazi. Wanajua kwamba ni mfalme aliyemwingiza mwana wa adui nyumbani, na ni mfalme aliyecheza sataranji wakati walinzi walipokuwa wakimpasha habari. Siri ya silaha ilitoka kwa kinywa cha binti, lakini uzembe ulikuwa wa amiri. Hiyo ni hadithi ya kusomewa watoto wa kambini, na wakubwa wao wasikilize pia.

Wala hadithi hiyo haikujengwa juu ya hewa. Mwaka 1959 yalifukuliwa karibu na kuta hizo maelfu ya vyembe vya mishale vya shaba nyeusi. Mafundi wa upinde walikuwapo kweli. Tena, mnamo mwaka 939, Ngo Quyen, baada ya kulishinda jeshi la China katika mto Bach Dang mwaka uliotangulia, aliirudia Co Loa akaifanya makao yake. Ngome iliyopotea kwa kujisahau ilirudishwa kwa ushujaa, baada ya miaka zaidi ya elfu moja.

MTAA WA KHAM THIEN

Mahali pa mwisho hapana uzuri wa kutazama. Kham Thien ni mtaa wa maduka na nyumba nyembamba karibu na stesheni ya reli. Kuanzia tarehe 18 hadi 29 Desemba 1972, ndege kubwa za Marekani aina ya B-52 ziliupiga mji wa Hanoi na bandari ya Hai Phong, zikapumzika siku ya Krismasi tu. Tarehe 22 hospitali ya Bach Mai ilipigwa, madaktari na wauguzi wakafa kazini. Usiku wa tarehe 26 mabomu yaliangukia Kham Thien, na watu zaidi ya 270 wakauawa katika mtaa huo mmoja. Palipokuwa na nyumba iliyoteketea pamewekwa sanamu ya mama aliyembeba mtoto wake mikononi. Mtoto hana uhai. Watu hupita na pikipiki zao, wengine husimama, wakawasha udi, wakaendelea na safari ya sokoni.

Magharibi ya mji, katika ujirani wa Ngoc Ha, kipo kidimbwi kiitwacho Huu Tiep. Humo limo bado bonge la chuma cha B-52 iliyoanguka tarehe 27 Desemba 1972, likiwa limechomoza juu ya maji, na nyumba zimelizunguka pande zote. Hesabu za ndege zilizoangushwa hazilingani hadi leo: Wamarekani husema B-52 walizopoteza ni 15, Wavietnam husema waliangusha 34. Juu ya kidimbwi, hata hivyo, hapana ubishi. Majani ya majini yamelifunika bonge hilo, na jirani huanika nguo zake hatua chache kutoka hapo.

Mwezi mmoja baada ya mabomu hayo, tarehe 27 Januari 1973, mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Paris, ingawa bunduki hazikunyamaza hadi mwaka 1975. Siku hizi Wamarekani, wakiwamo waliokuwa askari, hufika Hanoi kama wageni, nao hupewa chai kama wageni wengine. Wenyeji hawakuliondoa lile chuma kidimbwini wala sanamu mtaani. Wameyaacha mahali pake, wakafungua milango ya maduka. Kukumbuka bila ya kuchukia ni kazi ngumu kuliko kujenga daraja, na hapana shule inayoifundisha vizuri kuliko mtaa wenyewe ulioumia.

MANENO KWA MSAFIRI

Mwenye siku zaidi aweza kwenda kusini magharibi, kiasi cha kilomita 60, kwenye mahekalu ya Huong. Huko akina mama huvuta makasia wakawachukua abiria kwa muda wa saa moja hivi katika kijito cha Yen kati ya milima, kisha watu hupanda hadi pango kubwa la ibada. Sikukuu yake huanza siku ya sita ya mwaka mpya wa mwandamo, na umati huwa mkubwa.

Miezi ya Oktoba na Novemba ndiyo mizuri zaidi kwa safari, kwa maana Juni na Julai joto ni kali na mvua ni nyingi, na Januari na Februari huwa na baridi na manyunyu. Avukaye barabara mjini atembee polepole bila ya kusita wala kukimbia, nazo pikipiki zitamkwepa. Aingiaye hekaluni afunike mabega na magoti. Asubuhi ale pho, yaani tambi za mchele katika mchuzi wa mifupa, pale kibandani wanapokula wafanyakazi, akikalia kigoda kifupi kama wao.

Mji wa Hanoi ulipoteza ngome, ukapoteza daraja, ukapoteza mitaa mizima, lakini haukupoteza mtu wa kuunga chuma, wa kuumba bakuli na wa kufunga mdomo panapohitajika. Watu hao hawakai sebuleni. Nyumba yoyote, iwe ya mfalme au ya koplo, husimama kwa kazi yao.